Kijana Anapojinyima Chakula Ili Mwili Usikue

Karibu mama, karibu baba, karibu nyanya unayelea wajukuu, na wewe shangazi au dada mkubwa uliyeachiwa watoto. Kama una sufuria mekoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Mada ya leo ni ya kunong'onwa katika nyumba nyingi, na katika nyumba nyingine haitajwi kabisa.

Leo tunazungumza kuhusu shida mbili zinazoweza kumpata kijana mmoja kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni tatizo la ulaji: kijana kujinyima chakula, kujitapisha, au kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia. Ya pili ni dhiki ya kijana anayehisi kwamba jinsia aliyozaliwa nayo si yake. Shida hizi mbili zinapokutana, kijana anaweza kutumia njaa kama breki ya kuzuia mwili wake usikue.

Tuelewane mapema. Hatukuja kumhukumu mtoto wala mzazi, na hatukuja kumwambia mtu aamini nini. Tunazungumza kama watu wa afya, na shabaha yetu ni moja: mtoto aishi, na abaki karibu na watu wake.

MATATIZO YA ULAJI NI NINI?

Kijana kuchagua chakula si ugonjwa. Leo hataki ugali, kesho anataka chipsi tu. Hayo tumeyazoea. Tatizo la ulaji ni pale ambapo mawazo kuhusu chakula na umbo la mwili yanamtawala kijana mpaka afya yake inaanza kuharibika.

Yako matatu yanayojulikana zaidi. La kwanza ni anoreksia. Kijana hujinyima chakula, hupungua uzito, na huogopa sana kunenepa hata akiwa amebaki mifupa. La pili ni bulimia. Kijana hula chakula kingi kwa muda mfupi, kisha hukitoa kwa kujitapisha, kutumia dawa za kuendesha, au kufanya mazoezi kupita kiasi. La tatu ni kula kupita kiasi mara kwa mara, kwa siri na kwa aibu, bila kujitapisha baadaye.

Haya ni magonjwa ya kweli. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo. Inaua kwa sababu moyo hudhoofika, chumvi za mwili huharibika, na pia kwa sababu wengine hukata tamaa na kujiua.

Kuna wanaosema haya ni maradhi ya wazungu, tena ya wasichana peke yao. Historia haikubali. Daktari Mwingereza Richard Morton aliandika kuhusu ugonjwa huu wa kukonda mwaka 1689. Aliwaeleza wagonjwa wawili, msichana wa miaka 18 na mvulana wa miaka 16. Na kule visiwa vya Fiji, ambako mwili mnene ulikuwa ukisifiwa tangu zamani, televisheni ilifika katika wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Watafiti waliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, na hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Waliporudi mwaka 1998, wasichana 11 katika kila 100 walisema wanafanya hivyo. Ugonjwa huu hauchagui rangi ya ngozi.

DISFORIA YA JINSIA NI NINI?

Watoto wengi hukua bila kuwaza sana kuhusu jinsia yao. Lakini wako wachache ambao moyoni wanajiona tofauti. Alizaliwa msichana, lakini anajiona mvulana. Au alizaliwa mvulana, lakini anajiona msichana. Mtu wa namna hii huitwa transjenda. Dhiki kubwa anayoipata kwa sababu ya tofauti hiyo, madaktari huiita disforia ya jinsia.

Tusichanganye mambo. Mtoto aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kike wala ya kiume moja kwa moja huitwa huntha. Hao ndio waliohesabiwa kwa mara ya kwanza katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, na walikuwa 1,524. Transjenda ni jambo lingine. Mwili wake ulizaliwa kama wa wengine, tofauti iko katika namna anavyojijua.

Vilevile, msichana anayependa suruali na kandanda si lazima awe transjenda. Mvulana mpole anayependa kupika si lazima awe transjenda. Wataalamu hawatoi jina la disforia kwa sababu ya nguo au michezo. Kwa mwongozo unaotumika Marekani tangu mwaka 2013, dhiki hiyo lazima iwe imedumu angalau miezi 6, na iwe inamuumiza kijana au inamvurugia maisha yake. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, liliitoa hali ya kuwa transjenda kwenye sura ya magonjwa ya akili. Maana yake ni kwamba kujihisi hivyo peke yake si wazimu. Lakini dhiki inayofuatana na hali hiyo inaweza kumfanya mtoto augue.

SHIDA HIZI MBILI ZINAKUTANAJE?

Tuchukue mfano. Kijana ana miaka 13. Alizaliwa msichana, lakini moyoni anajiona mvulana. Kabla ya kubalehe alicheza na wenzake na hakuwa na wasiwasi mkubwa. Sasa matiti yanaota, nyonga zinapanuka, na hedhi imeanza. Kwa wasichana wengi haya ni mambo ya kuzoea, hata kujivunia. Kwa kijana huyu, kila mwezi ni msiba. Anahisi mwili umemsaliti.

Kisha siku moja, labda baada ya kuugua au baada ya kufunga, anagundua kitu. Akila kidogo, matiti hupungua. Nyonga hupungua. Akiendelea, hedhi inakoma. Hakuna daktari aliyemwambia, mwili wenyewe ndio uliomwonyesha. Mwili wenye njaa huzima kwanza yale ambayo si ya lazima ili kuishi siku hiyo, na uzazi ni mojawapo. Basi kijana anashika njaa kama dawa.

Kwa kijana aliyezaliwa mvulana na anajiona msichana, njia ni tofauti lakini mwisho ni uleule. Anaogopa mabega mapana, misuli na sauti nzito. Ameona kwenye picha kwamba msichana mrembo ni mwembamba. Anajinyima ili asijenge mwili wa kiume. Njaa pia hupunguza homoni za kiume, kwa hiyo anaona kana kwamba inamsaidia.

Wengine hufanya kinyume. Wanakula sana ili umbo lifichike ndani ya unene, au wanafanya mazoezi bila kupumzika ili wapate kifua cha mwanamume. Wengine hawali wala kunywa maji shuleni mchana kutwa kwa sababu wanaogopa kuingia chooni na kuchekwa. Na wengine hawafikirii umbo hata kidogo. Wamedhihakiwa, wamepigwa, wamefichwa, na chakula ndicho kitu pekee wanachoona wanakitawala.

Ndiyo maana mama anaweza kumwambia mtoto, "Wewe si mnene, kula," na maneno hayo yasiingie. Kijana haogopi unene peke yake. Anaogopa kuwa mwanamke, au anaogopa kuwa mwanamume. Ukimsifu kwa kumwambia, "Ukila utapendeza, utakuwa na umbo zuri la kike," umempa sababu nyingine ya kukataa sahani.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwauliza wanafunzi zaidi ya 289,000 katika vyuo vikuu 223 vya Marekani. Kati yao, 479 walikuwa transjenda. Karibu 16 kwa kila 100 ya hao transjenda walisema walikuwa wameambiwa na mtaalamu katika mwaka uliopita kwamba wana tatizo la ulaji. Miongoni mwa wanawake wasio transjenda wenye kuvutiwa na wanaume, hawakufika 2 kwa kila 100. Hizo ni hesabu za Marekani, lakini zinatufundisha kutazama mahali ambapo hatukuzoea kutazama.

NJAA HUGEUZA AKILI

Kuna jambo akina mama wengi hawaambiwi. Njaa yenyewe hugeuza akili. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, vijana wa kiume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi 6 ili wataalamu wajue jinsi ya kuwasaidia watu walioumizwa na njaa ya vita. Walipungua kama robo ya uzito wao. Walianza kuwaza chakula usiku na mchana. Wakawa na hasira, huzuni na kujitenga. Walihisi baridi, na hamu ya mambo mengine ikaisha.

Hao walikuwa watu wazima, wazima wa akili kabla ya kuanza. Basi usishangae kijana wako akikufokea mezani. Mara nyingi anayefoka ni njaa. Na kijana aliye katika hali hiyo hawezi kufikiri vizuri kuhusu jambo kubwa kama jinsia yake. Ndiyo sababu wataalamu husema: lishe kwanza, ili akili irudi, lakini masikio yawe wazi tangu siku ya kwanza. Ukilisha mwili bila kusikiliza kinachouma, kijana ataondoka hospitalini na kurudia njaa yake. Ukisikiliza bila kulisha, unaweza kumpoteza ukiwa bado unasikiliza.

DALILI ZA KUANGALIA

Mama, dalili nyingi hujificha ndani ya mambo ya kawaida. Angalia haya:

- Kijana anasema kila mara ameshakula kwa rafiki au shuleni, lakini hakuna aliyemwona akila.
- Anafunga mara nyingi kuliko dini yake inavyotaka, au anaendelea kufunga Ramadhani ikiwa imekwisha.
- Anasingizia vidonda vya tumbo kila chakula kikiiva.
- Anakwenda chooni mara tu baada ya kula, na anafungulia maji ili asisikike.
- Ana makovu juu ya vidole, mashavu yamevimba, au meno yanaliwa.
- Hedhi imekatika. Wengi wetu hukimbilia kufikiria mimba. Pima mimba, sawa, lakini uliza pia anakula nini.
- Anahisi baridi hata jua likiwaka, nywele zinakatika, anachoka akipanda ngazi.
- Anavaa sweta kubwa mchana wa joto, anajifunga kifua kwa bendeji au leso, anakataa kuoga na wenzake bwenini.
- Hataki kujiona kwenye kioo, anachukia kupigwa picha, anakasirika akiitwa kwa jina lake.
- Ananunua kwenye kemisti dawa za kuendesha au za kupunguza uzito.

Dalili moja peke yake haithibitishi ugonjwa. Zikiwa kadhaa, na zikidumu kwa majuma, usingoje. Na kumbuka kwamba mtoto anaweza kuwa hatarini hata kama hajakonda. Anayejitapisha anaweza kuwa na uzito wa kawaida huku madini ya potasiamu mwilini mwake yakiwa chini kiasi cha kusimamisha moyo.

Kimbia hospitalini siku hiyohiyo ukiona haya: amezirai, moyo unapiga chini ya mara 50 kwa dakika akiwa macho na ametulia, anasikia maumivu ya kifua au moyo unarukaruka, anatapika damu, miguu imevimba, amekataa chakula na maji siku nzima, au anazungumza kuhusu kufa na kujiumiza.

Kuhusu hili la mwisho, usifiche kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume na Katiba. Mtoto aliyejaribu kujiua anahitaji daktari.

MAMA AFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, tenga sahani na ugomvi. Wakati wa chakula msizungumze kuhusu jinsia, nguo, kanisa wala msikiti, wala aibu mbele ya majirani. Zungumzeni mengine: mpira, shule, mbuzi aliyezaa. Mazungumzo mazito yawe na wakati wake, mkitembea au mkichambua mboga, ambapo mtoto halazimiki kukutazama usoni.

Pili, rudisha mpango wa chakula. Matibabu ya familia yaliyoanzia katika hospitali ya Maudsley jijini London katika miaka ya 1980 yanamweka mzazi mbele. Mzazi ndiye anayeamua nini kinaliwa na lini, mpaka mtoto apate nguvu, kisha anamrudishia uamuzi kidogo kidogo. Hakuna haja ya vyakula vya bei. Uji wa maziwa saa moja asubuhi. Saa nne, kiazi kitamu au njugu. Saa saba, githeri au ugali na maharagwe. Saa kumi, chai ya maziwa na mandazi au parachichi. Saa moja jioni, chakula cha jamii nzima. Kaa naye mpaka amalize, na ukae naye nusu saa au saa nzima baadaye ili asipate nafasi ya kujitapisha. Usimshikie fimbo. Mwambie kwa upole na bila kuyumba: "Najua ni vigumu. Mimi niko hapa. Tutakula pamoja."

Tatu, zungumza kuhusu mwili kwa maneno ya nguvu na uhai. Usitaje umbo. Sema, "Chakula hiki ni cha moyo wako, cha mifupa yako, cha kukuwezesha kusoma." Mifupa hujengwa sana katika ujana, na ile inayokosa kujengwa sasa inaweza kubaki dhaifu maisha yote. Hili linamhusu kijana yeyote, vyovyote anavyojiona.

Nne, muulize, kisha unyamaze. Unaweza kuanza hivi: "Nimeona huli vizuri. Kuna kitu katika mwili wako kinachokusumbua?" Akikuambia, "Mama, mimi sijihisi msichana," usipige kelele, usicheke, usimkimbilie baba yake wala mchungaji saa hiyohiyo. Sema, "Asante kwa kuniambia. Sielewi yote, lakini wewe ni wangu." Maneno hayo hayakulazimishi kuwa umekubali kila kitu. Yanamwambia mtoto kwamba mlango haujafungwa.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Na tuna neno la thamani, "mwanangu". Kama jina jipya analotaka kuitwa bado linakukwama kooni, na jina la zamani linamchoma, mwite mwanangu. Neno hilo halimkosei, na wewe halikukoseshi amani. Mengine mtayajenga taratibu.

Tano, kama anajifunga kifua, usimvue kwa nguvu. Mweleze kwamba bendeji na leso zikikazwa hubana mbavu na pumzi. Asilale nazo, asizivae kwenye mazoezi, na azitoe mara moja akisikia maumivu au pumzi kukatika. Fulana ya michezo inayobana kiasi ina madhara madogo zaidi.

Sita, linda siri yake. Usiitangaze kwenye chama, kwenye jumuiya wala kwa jamaa. Shuleni mtafute mtu mmoja unayemwamini, kama mwalimu wa ushauri nasaha au matroni. Mweleze kwamba mtoto ni mgonjwa na anahitaji kuonwa akila. Kuhusu jinsia, mwambie yale tu ambayo mtoto mwenyewe amekubali yasemwe. Omba pia apate choo na mahali pa kuogea ambapo hatachekwa.

MAMBO YA KUEPUKA

Kupiga hakuponyi. Kumfukuza nyumbani ndiko hatari kubwa zaidi, maana aliye barabarani hana wa kumwekea sahani. Kumwoza haraka ili "atulie" ni kosa la jinai akiwa chini ya miaka 18, na ni kumwongezea jeraha. Ukitaka kuomba, omba. Sala ya mzazi haijawahi kumdhuru mtoto. Lakini usikubali afungwe, anyimwe chakula kwa jina la maombi, au apigwe ili "kitu kimtoke". Kijana aliyekonda akiongezewa siku za kufunga anaweza kufa.

HOSPITALINI

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, au mhudumu wa afya ya jamii unayemwamini. Omba apimwe uzito, urefu, presha, mapigo ya moyo, na damu kuangaliwa chumvi na madini. Kijana anaweza kupimwa akiupa mzani mgongo ili asione namba. Kama ana dhiki kuhusu mwili wake, omba aguswe kidogo iwezekanavyo na aelezwe kila hatua kabla.

Kama amekonda sana, usimshindilie chakula nyumbani ghafla. Akina mama waliowahi kulaza mtoto mdogo mwenye utapiamlo mkali wanakumbuka jinsi anavyoanzishiwa maziwa mepesi ya F-75 kwa vipimo vidogo, kabla ya kupewa chakula kizito zaidi. Kijana naye ni vivyo hivyo. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa ghafla, madini ya damu yanaweza kushuka haraka na moyo ukashindwa. Daktari na mtaalamu wa lishe ndio wanaopanga mwendo.

Kwa upande wa akili, omba rufaa kwa mshauri au daktari wa magonjwa ya akili. Hospitali kubwa za rufaa zina kliniki hizo, kama Mathari jijini Nairobi, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kule Eldoret. Mhudumu akimdhihaki mtoto wako, una haki ya kuomba mwingine. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya afya.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

"Je, nikimsikiliza, si ndiyo nitamhimiza?"
Kusikiliza hakumfanyi mtoto kuwa kitu ambacho si yeye. Uchunguzi wa vijana transjenda 923 wa Kanada, wenye miaka 14 hadi 25, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba waliosumbuliwa na kubaguliwa zaidi ndio waliokuwa na matatizo zaidi ya ulaji. Waliokuwa karibu na familia, shule na marafiki walikuwa na matatizo machache. Ukaribu wako ni kinga.

"Je, atabadilika akikua?"
Wako vijana ambao hisia zao hubadilika na wako ambao hazibadiliki. Huna haja ya kujua jibu leo ndipo umpe chakula leo.

"Nasikia kuna dawa za kuzuia kubalehe na za homoni. Nimtafutie?"
Katika jambo hili wataalamu wa dunia hawajakubaliana. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliunga mkono matibabu hayo kwa uangalizi wa wataalamu. Nchini Uingereza, ripoti ya Daktari Hilary Cass ya Aprili 2024 ilisema ushahidi wake kwa vijana ni dhaifu, na Desemba mwaka huo serikali ikazuia dawa mpya za kuzuia kubalehe kwa walio chini ya miaka 18 wenye disforia, isipokuwa katika utafiti. Lisilo na ubishi ni hili: dawa za homoni zisinunuliwe kwa siri mitaani au kwenye mtandao. Mwili wenye njaa una moyo na mifupa dhaifu, na dawa isiyo na daktari huongeza hatari. Zungumza na kijana waziwazi, kwa sababu huenda ameshaanza kuzitafuta.

"Je, hili ni kosa langu?"
Hapana, mama. Magonjwa ya ulaji yana mizizi mingi: ya kurithi, ya mwili, ya jamii. Na hakuna malezi yanayojulikana kumfanya mtoto awe transjenda. Usipoteze nguvu kwa kujilaumu. Nguvu hizo zinahitajika jikoni na kliniki.

"Je, hupona?"
Ndiyo, wengi hupona, hasa wanapopata msaada mapema. Lakini si kwa juma moja. Hesabu miezi, wakati mwingine miaka. Kutakuwa na siku njema na siku za kurudi nyuma. Siku ya kurudi nyuma haifuti siku njema zilizopita.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Kijana anayekataa chakula huenda anajaribu kuuzuia mwili usikue. Usidhani ni urembo au ukaidi.
- Lishe kwanza, masikio wazi tangu mwanzo. Vyote viwili pamoja.
- Usisifu wala kulaumu umbo. Taja nguvu, moyo na mifupa.
- Kuzirai, moyo kwenda polepole, kutapika damu au maneno ya kufa: hospitali siku hiyohiyo.
- Usipige, usifukuze, usimwoze, usimfungishe.
- Huna la kusema? Mwite mwanangu.

Wasikilizaji, kama kuna mtoto aliye taabani na hujui pa kuanzia, nambari 116 ya Childline Kenya ni ya bure na inapokea simu usiku na mchana. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na mlezi pia anaweza.

Akina mama mlio katika vikundi, zungumzeni haya kwa heshima, bila kutaja mtoto wa mtu. Jiulizeni: katika kijiji chetu, kijana akiwa na siri nzito kama hii, ni nani angeweza kumwambia bila kuogopa? Kama hamna jibu, anzeni hapo. Na jioni ya leo, chakula kikiwa tayari, mwangalie yule anayechelewa kuja mezani. Mvutie kiti, mpakulie kiasi anachokiweza, na ukae naye.